Bakteria wa mifugo na hatari ya kupooza

Katika maeneo makavu ya Kitui na Makueni, ambako mbuzi na ng'ombe ni akiba ya familia nyingi, maumivu ya mgongo hudhaniwa kuletwa na jembe au mtungi wa maji. Hata hivyo, yanapodumu kwa majuma na kuandamana na homa, jasho la usiku na kupungua uzani, huenda bakteria wameingia katika pingili za uti wa mgongo.

Anayejulikana zaidi ni yule wa kifua kikuu, ambaye madhara yake mgongoni yalielezwa na daktari Mwingereza Percivall Pott mwaka wa 1779. Asiyefahamika sana ni Brucella, asababishaye bruselosi, ugonjwa unaofanya mifugo kutupa mimba. David Bruce alimgundua kisiwani Malta mwaka wa 1887, na mnamo 1905 Themistocles Zammit akabaini kuwa mbuzi ndio waliombeba.

Binadamu huambukizwa kwa kunywa maziwa mabichi au kushika kondo la nyuma na majimaji ya mnyama aliyeharibu mimba. Bakteria husafiri kwa damu, na wakifika mgongoni hukaa hasa kiunoni. Huko huharibu mifupa, na usaha ukijikusanya hukandamiza mishipa ya fahamu. Mgonjwa asiyetibiwa mapema anaweza kupooza.

Ugumu ni kuwa maradhi haya mawili hufanana, ilhali tiba zake ni tofauti. Dawa ya rifampicin hutumika katika yote mawili, lakini bruselosi ya mgongo huhitaji pia doxycycline, na matibabu huchukua angalau miezi mitatu. Uchunguzi nao wataka uangalifu: utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa kipimo cha haraka cha bruselosi kilichotumiwa katika vituo vya afya nchini Kenya kilitoa majibu mengi yasiyo sahihi. Ndiyo maana mgonjwa hufaa kumweleza daktari kuhusu mifugo wake na maziwa anayokunywa.

Kinga ni kuchemsha maziwa, hata yale ya kugandishwa, na kuvaa glavu wakati wa kuzalisha mifugo. Miguu ikianza kulegea au mkojo kushindwa kuzuilika, mgonjwa apelekwe hospitalini siku iyo hiyo.