Mcheza Kwao na Mcheza Ugenini

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Aghalabu methali hii hutajwa ili kumsifu mtu asiyeisahau jamaa yake, lakini ndani yake mna elimu kubwa ya sanaa. Mchezaji hutunzwa kwao kwa sababu watazamaji wake wanajua anacheza nini, kwa nini anacheza, na kwa ajili ya nani. Tunzo ni jawabu, na jawabu haliwezi kutoka kwa mtu asiyeelewa swali. Historia ya matamasha ya kimataifa ya sanaa na muziki katika Tanzania ni historia ya kuijaribu methali hii. Tangu mwaka 1982 huko Bagamoyo, na tangu mwaka 2004 huko Unguja, watu wa makabila na mataifa mengi wamecheza mbele ya wasio wao, na wingi wa aina za michezo yao umekuwa fahari ya matamasha hayo. Yafaa basi kuuliza kama wingi huo ni mali ya jukwaa, au ni mali iliyoazimwa na jukwaa kutoka viwanja vya mbali.

Viwanja hivyo ni vingi, na kimoja chaweza kusimama badala ya vyote. Kilolo ni wilaya ya mkoa wa Iringa, iliyofanywa kuwa wilaya mwaka 2002. Imelala katika miinuko yenye baridi upande wa milima ya Udzungwa, nchi ya mahindi na mianzi itoayo ulanzi wakati wa mvua. Ndani ya mipaka yake mna Lugalo, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 majeshi ya Mtwa Mkwawa yalilivamia na kulivunja jeshi la Kijerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, naye Zelewski mwenyewe akauawa. Mambo makubwa kama hayo hayakungoja wino ili yakumbukwe. Uhehe ulikuwa na waimbaji, na miongoni mwa vyombo vyao kilikuwako ligombo, ubao uliochongwa ndani kama hori, ukatandazwa uzi mmoja unaokwenda na kurudi mara kadhaa juu ya mdomo wake. Ni ndugu wa inanga ya Rwanda na Burundi, na wa nanga ya Wahaya. Sauti yake si ya kishindo. Humtaka msikilizaji akae karibu, anyamaze, na ajue lugha ya mwimbaji.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine yake ya kunasa sauti, akafika hadi Uhehe na kulinasa ligombo. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Kwa njia hiyo sauti ya Uhehe ilisafiri kwenda ugenini kabla ya Tanganyika kupata uhuru wake, na kabla ya tamasha lo lote la kimataifa kufanywa katika nchi hii. Ilikwenda peke yake bila wasikilizaji wake. Hilo ndilo jambo ambalo matamasha yalikuja kulirudia baadaye kwa wachezaji wenyewe.

Maneno mawili ya Kiswahili yanaonyesha tofauti iliyopo. Neno ngoma lina maana ya chombo kinachopigwa, ya mchezo unaochezwa, na ya shughuli nzima inayokusanya watu, iwe ni harusi, jando, unyago au matanga. Aliyekwenda ngomani hakwenda kutazama tu. Alikwenda kuwa sehemu ya jambo. Neno tamasha lilifika pwani kwa njia ya Uajemi na Bara Hindi, nalo lina maana ya kitu cha kutazamwa. Mtu aweza kulitazama tamasha asiwe na deni lo lote kwa mchezaji ila kiingilio chake. Safari kutoka ngoma hadi tamasha ni safari kutoka deni la ujamaa hadi bei ya tikiti.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa watu wa zamani walikaa kila kabila katika kisima chake pasipo kuona michezo ya wengine. Beni ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaiga gwaride na vyeo vya Wazungu, ikagawanyika katika vyama vya Marini na Arinoti, na baada ya Vita Kuu ya kwanza ikaenea bara pamoja na askari na wafanya kazi. Kusini, kando ya Ziwa Nyasa, ikageuka mganda. Kwa Wasukuma vyama vya Wagika na Wagalu vilishindana kwa ngoma na kwa dawa, na mashindano hayo yakaendelea hata katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora. Kwa hiyo ugeni, wingi wa aina na hamu ya kushinda vilikuwako. Kilichozitofautisha ngoma hizo na tamasha la leo ni mwamuzi. Katika beni na katika Bulabo mwamuzi alikuwa mtu wa papo hapo, aliyejua ni nani amemtukana nani kwa fumbo, na ni hatua ipi iliyoibwa kutoka upande wa pili.

Baada ya uhuru mwamuzi alibadilika. Desemba 1962 Rais Nyerere alipohutubia Bunge alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, akiwa na nia ya kuwarudishia watu heshima ya mila zao zilizodharauliwa na ukoloni. Kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa, na baadaye vikaja vikundi vya sarakasi na vya maigizo. Nia ilikuwa njema, na kazi ilikuwa ngumu. Ilibidi ngoma za makabila zaidi ya mia moja zisemeshwe lugha moja ya taifa. Sindimba ya Wamakonde ilitolewa katika mazingira ya jando na unyago ikafanywa burudani ya kupokelea wageni. Muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo iliyohusika na unyago wa wasichana, ikapigwa mbele ya watu wa kila jinsi na umri. Duara likafunuliwa likawa mstari, maana watazamaji sasa walikuwa upande mmoja. Usiku mzima ukafupishwa ukawa dakika chache. Hapana aliyeamuru kuwa maana itupwe. Maana ilidondoka njiani kama mzigo usiofungwa vizuri.

Wakati huohuo dunia ya watu weusi ilikuwa inajenga majukwaa yake makubwa: Dakar mwaka 1966, Algiers mwaka 1969 na Lagos mwaka 1977. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe, fundi wa gitaa wa Morogoro Jazz, aliiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya dunia huko Osaka, Japani. Ilifahamika kuwa taifa changa hujulikana kwa ngoma zake kama linavyojulikana kwa bendera yake. Lakini bendera hutazamwa tu, haina jambo la kumwambia mtu mmoja mmoja. Ngoma ikigeuzwa bendera hupata heshima ya bendera, na hupata pia ububu wake.

Vikundi vya taifa vilipovunjwa, Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1981, na wasanii wakongwe wakawa walimu. Mwaka uliofuata chuo kilianza tamasha lake la kila mwaka. Hapo kwanza lilikuwa onyesho la kazi za wanafunzi na walimu wao mbele ya watu wa mji. Baadaye likapokea vikundi vya mikoani, vya nchi jirani na vya Ulaya, na likaendelea hata chuo kilipogeuzwa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo mwaka 2007. Anayekaa mbele ya jukwaa hilo huona katika jioni moja ngoma za bara na za pwani, tamthilia, sarakasi, mazingaombwe na muziki wa dansi. Sarakasi hufuatwa na zeze, na zeze hufuatwa na magitaa ya umeme. Kila kundi hupewa muda wake, nalo huondoka likiwapisha wengine. Ni karamu yenye vyakula vingi, ambayo kila mlaji huonja, na wachache hushiba.

Huko Unguja sura ni nyingine, ingawa swali ni lilelile. Tamasha la Sauti za Busara lilianza Februari 2004 katika Ngome Kongwe, likashika sharti kuwa muziki upigwe papo hapo wala usitoke katika kanda. Sharti hilo lina hekima, kwa kuwa linamlinda fundi wa mkono. Hata hivyo taarabu yaonyesha jambo ambalo sharti hilo haliwezi kulilinda. Katika harusi ya mjini, mwanamke husikia ubeti unaomgusa yeye au mpinzani wake, huinuka, hupita katikati ya ukumbi akionekana na wote, na humtunza mwimbaji. Tunzo lake ni neno lililosemwa bila mdomo, na walioketi wanalisoma. Ubeti huohuo ukiimbwa mbele ya wageni waliotoka nchi ishirini hupigiwa makofi kwa utamu wa sauti, nalo fumbo hurudi nyumbani bila kufumbuliwa. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, aliyajua mazingira yote mawili. Alikuwa kungwi wa unyago na mwimbaji wa taarabu, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Ulimwengu ulimpenda kwa sauti na ujasiri wake. Wanawali aliowafunda walimjua kwa mafunzo yake, na tuzo hiyo haikuweza kuyapima.

Haki yataka upande wa pili nao usikizwe. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliitwa na taifa katika miaka ya 1960, akaishi na kufundisha Bagamoyo, na akaupeleka muziki wa ilimba na zeze katika majukwaa ya Ulaya na Marekani hadi kifo chake Desemba 2003. Pasipo jukwaa, ufundi wake ungalijulikana kwa majirani tu. Zaidi ya hayo, jukwaa lilimpa nafasi ya kuwarithisha wanawe na jamaa zake. Mwaka 2024 wanawake wa ukoo huo, Pendo na Leah Zawose, walitoa albamu yao ya kwanza kwa jina la The Zawose Queens, wakiimba mbele na kupiga vyombo ambavyo desturi iliwaachia wanaume. Hilo ni zao la Bagamoyo, na hapana uwanja wa kijijini ambao ungelizaa kwa urahisi. Tamasha basi si mwizi. Ni mkopaji, na wako wakopaji wanaorudisha pamoja na faida.

Lakini mkopo hutegemea kuwako kwa mwenye mali. Zawose hakujifunza jukwaani. Aliletwa jukwaani akiwa tayari fundi, amelelewa na watu wa kwao waliomsahihisha na kumtunza. Bi Kidude kadhalika. Kizazi kilichoyapa matamasha sifa yake kilikuwa na shule isiyokuwa na jengo, na walimu wake walikuwa watazamaji. Shule hiyo ikifungwa, tamasha laweza kuendelea miaka kadhaa kwa kuiga vilivyoigwa, na ngoma ya Kihehe ikafundishwa na mtu aliyeiona kwa mwalimu aliyeiona kwa mwingine. Hapo wingi wa aina utabaki katika ratiba, na katika macho kila ngoma itafanana na jirani yake: mavazi ya namna moja, mwendo wa haraka wa namna moja, na tabasamu la namna moja kwa wageni.

Jukwaa lenyewe nalo si mwamba. Mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika kwa kukosa fedha, na lilirudi mwaka 2017. Kitu kinachotegemea mfadhili husimama mfadhili akisimama. Harusi ya Kilolo haijawahi kuahirishwa kwa sababu ubalozi fulani umepunguza msaada wake. Uwanja wa nyumbani ni maskini wa taa na vipaza sauti, lakini una utajiri mmoja ambao haununuliwi, nao ni watu wanaoijua nyimbo kabla haijaanza, na wanaoweza kumwambia mwimbaji kuwa amekosea.

Kutoka Kilolo hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 400 za barabara, na njia hiyo kwa miaka mingi imekuwa ya upande mmoja: mchezaji hushuka pwani, na jukwaa halipandi milimani. Kama matamasha ya kimataifa yana deni, basi deni hilo ni la kurudisha. Sauti iliyonaswa mwaka 1950 yaweza kurudishwa Uhehe na kusikilizwa na wajukuu wa waliopiga. Ligombo laweza kuchongwa tena na mafundi wa huko, likafundishwa shuleni kwa lugha yake na pamoja na habari za Lugalo, si kama kipande cha ratiba. Mgeni kutoka ng'ambo aweza kualikwa akae karibu na mpigaji, asikilize saa mbili chombo kimoja badala ya dakika kumi za vyombo kumi na viwili, na mwenyeji aliyeketi kando yake amfumbulie maneno. Katika kikao cha namna hiyo mgeni angejua wakati wa kutunza, kwa kuwa angewaona wenyeji wakiinuka.