Historia ya Onyesho la Kwanza katika Filamu za Taharuki

Onyesho la kwanza la filamu ya taharuki lina kazi tatu: kumweka mtazamaji mahali na wakati fulani, kumtambulisha mhusika, na kuamsha wasiwasi utakaodumu hadi mwisho. Kazi hizo ni zilezile tangu filamu zilipoanza kuwa na sauti. Kilichobadilika ni mbinu za kuzitimiza, na hasa mgawanyo wa habari, yaani nani ajue kwanza kwamba kuna hatari, mtazamaji au mhusika.

Fritz Lang alitengeneza M nchini Ujerumani mwaka 1931, na hiyo ndiyo filamu yake ya kwanza yenye sauti. Inaanza na watoto wanaocheza uani katika jengo la wapangaji mjini Berlin, wakiimba juu ya muuaji. Mwanamke mmoja anawakemea, naye jirani yake, mfuaji nguo, anaandaa meza ya chakula cha mchana akimngoja binti yake Elsie atoke shule. Kwa dakika hizo chache mtaa wa watu wa kipato cha chini umeshajulikana, na hofu yake pia. Kwingineko Elsie anadundisha mpira kwenye tangazo la zawadi kwa atakayesaidia kumkamata muuaji, na kivuli cha mwanamume kinaangukia tangazo hilohilo. Mauaji hayaonyeshwi. Mama anaita, ngazi ni tupu, sahani haijaguswa. Mpira unabingirika kutoka kichakani, na puto alilonunuliwa mtoto limenasa kwenye nyaya. Mtazamaji anaujua msiba kabla ya mama.

Hollywood ya miaka ya 1940 ilileta mpangilio mwingine: kuanzia mwisho. Katika Double Indemnity ya Billy Wilder (1944), gari linakwenda kasi usiku katika mitaa ya Los Angeles. Wakala wa bima aliyejeruhiwa anaingia ofisini na kukiri mauaji mbele ya mashine ya kurekodi sauti. Jina la muuaji si fumbo tena. Linalobaki ni kujua alifikaje hapo. Kila tendo lake la awali linatazamwa na watu wanaojua kwamba hatafanikiwa.

Alfred Hitchcock aliwapa vitu kazi ya kusimulia. Mwanzoni mwa Rear Window (1954) kamera inazunguka ua wa jengo la makazi mjini New York, inapita kwenye kipimajoto kinachoonyesha joto kali, kisha inaingia chumbani mwa mwanamume aliyelala kwenye kiti cha magurudumu. Mguu wake umefungwa plasta ngumu. Kando yake kuna kamera iliyovunjika, na ukutani ipo picha ya ajali ya magari ya mashindano. Hakuna aliyetoa maelezo, lakini inaeleweka kwamba huyu ni mpigapicha aliyeumia kazini na amekwama nyumbani. Dirisha alilo nalo na majirani wanaoonekana kupitia dirisha hilo ndio watakaozaa hadithi yote.

Mwaka 1958 Orson Welles alifungua Touch of Evil kwa picha moja isiyokatwa, inayozidi dakika tatu. Mkono unatega bomu la saa, bomu linafichwa kwenye buti ya gari, na gari linaanza safari polepole kuelekea mpaka wa Mexico na Marekani. Kamera inalifuata kwa juu, inalipoteza, inalikuta tena likipishana na maharusi wanaotembea kwa miguu. Kwa kuwa picha haikatwi, muda wa bomu na muda wa mtazamaji ni mmoja, na mji wa mpakani unajulikana mtaa kwa mtaa huku mlipuko ukisubiriwa. Studio ya Universal iliweka majina ya waigizaji na muziki wa Henry Mancini juu ya picha hiyo. Welles alipinga uhariri wa studio kwa waraka wa kurasa 58, na katika toleo la mwaka 1998, lililohaririwa kwa kufuata waraka huo, majina yaliondolewa na nafasi ya muziki huo ikachukuliwa na sauti za mitaani.

Majina ya mwanzo nayo yalikuwa yakigeuka kuwa sehemu ya masimulizi. Msanifu Saul Bass alibuni yale ya Vertigo (1958), yenye jicho la mwanamke na duara zinazojizungusha, na ya Psycho (1960), yenye mistari inayokata skrini kwa mwendo wa vinanda vya nyuzi vya Bernard Herrmann. Baada ya vurugu hiyo Psycho inatulia: inataja mji wa Phoenix, tarehe na saa, kisha kamera inapenya dirishani hadi kwa wapenzi wanaoshindwa kuoana kwa ukosefu wa fedha. Sababu ya wizi utakaofuata imeshatajwa.

Steven Spielberg, katika Jaws (1975), alimwanzisha adui, yaani papa, bila kumwonyesha. Msichana anaogelea baharini usiku, kamera inamtazama kutoka chini ya maji, na noti mbili za John Williams zinakaribia. Papa wa mashine waliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, hivyo kumficha kukawa njia ya filamu kwa sehemu kubwa.

Mwaka 1995 Se7en ya David Fincher iliunganisha mbinu hizi. Kwanza mpelelezi mzee anavaa kwa utaratibu katika jiji lenye kelele na mvua. Kisha yanakuja majina yaliyobuniwa na Kyle Cooper, ambamo mikono ya mtu asiyejulikana inakata ngozi ya vidole na kushona kurasa za madaftari. Polisi bado hawajui kwamba muuaji yupo, ilhali mtazamaji ameshaona uvumilivu na ugonjwa wa akili yake. Majina hayo yaliigwa sana baadaye, katika filamu na katika tamthilia za televisheni.