Siku 7 za Rafiki Barabara ya Ngong
Ukitoka Adams Arcade kurudi mjini kwa Barabara ya Ngong, utapita jumba la Prestige. Septemba 2018 sinema yake ilijaa watazamaji wa Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu mapenzi ya wasichana wawili. Bodi iliipiga marufuku Aprili; Mahakama Kuu ikairuhusu siku 7 tu, ipate kushindania Oscar, kisha marufuku ikarudi.

Kidini, kisa hicho sikiungi mkono. Lakini sheria ya filamu na michezo ni ya 1962, enzi za mkoloni, na mkono wa serikali hauishii kwenye filamu. Abdilatif Abdalla wetu wa Mombasa alifungwa miaka 3 kwa waraka, Kenya: Twendapi? Huko gerezani akatunga Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.