Kipawa au Maandalizi? Lugha, Siri na Tuisheni katika Historia ya Mitihani ya Udahili wa Uzamili na Taaluma nchini Marekani

Mitihani inayowachuja waombaji wa masomo ya uzamili, sheria na udaktari nchini Marekani ilikuja kusimama juu ya dai kwamba inapima uwezo wa kufikiri, wala si maarifa yaliyokaririwa. Kutokana na dai hilo ilizaliwa hoja ya pili: kwamba tuisheni haimsaidii mtahiniwa kwa kiasi cha kutajika. Makala haya yanafuatilia jinsi hoja hiyo ya pili ilivyodhoofika, na yanaonesha kwamba udhaifu wake ulijitokeza zaidi pale mtihani ulipogusa lugha.

Chimbuko la mitihani hii halikuwa moja. Mtihani wa wanafunzi wa udaktari uliandaliwa mwaka 1928 chini ya F. A. Moss, wakati ambapo vyuo vya udaktari vilipoteza wanafunzi wengi kabla ya kuhitimu. GRE ilianza katika miaka ya 1936 na 1937 kwa ushirikiano wa Wakfu wa Carnegie na vyuo vikuu vya Harvard, Yale, Princeton na Columbia; mwanzoni ilipima zaidi maarifa ya shahada ya kwanza, na sehemu ya kipawa ikapata nguvu baadaye. LSAT, mtihani wa shule za sheria, ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1948.

Mtu aliyeitikisa hoja ya kipawa ni Stanley Kaplan. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1919, akaanza kufundisha wanafunzi nyumbani kwa wazazi wake mwaka 1938, akahitimu City College ya New York mwaka uliofuata, kisha akakataliwa na vyuo vya udaktari alivyoviomba. Yeye mwenyewe aliamini kwamba sababu zilikuwa Uyahudi wake na chuo cha umma alichotoka. Ndiyo maana aliuona mtihani wa pamoja kuwa mlango wa mtu asiye na jina wala ukoo wa kumtetea. Jambo hili husahauliwa na wanaomchora kama mfanyabiashara aliyeuhujumu mtihani, ilhali alikuwa miongoni mwa walioupenda. Mwaka 1946 alianza kuwaandaa wanafunzi kwa SAT, mtihani wa shahada ya kwanza, na baadaye kwa mitihani ya uzamili na taaluma. Kwa kuwa karatasi zilifungiwa baada ya kufanywa, aliwakusanya wanafunzi wake mara tu walipotoka mtihanini, akawakaribisha chakula na kumwomba kila mmoja akumbuke swali. Karatasi ya siri ikajengwa upya kutoka vichwani mwa watahiniwa.

Kilichofundishika kwa urahisi kilikuwa msamiati. Sehemu ya lugha ya GRE ilidai vinyume vya maneno adimu na ulinganishi wa jozi za maneno. Mtahiniwa aliyekulia katika nyumba yenye vitabu aliyapata maneno hayo bila kujua kwamba anajiandaa. Mwingine aliyakariri kutoka kwenye orodha, kwa gharama na kwa muda. Swali mashuhuri la SAT lililomtaka mwanafunzi alijue neno la Kiingereza la mashindano ya mashua lilikuja kuwa mfano wa kudumu wa upendeleo wa aina hiyo. Kwa mwombaji kutoka Afrika Mashariki, ambaye Kiingereza mara nyingi ni lugha yake ya pili au ya tatu, mzigo ulikuwa maradufu. Tangu mwaka 1964 TOEFL ilikuwapo ili kupima Kiingereza chake, kisha GRE ikampima Kiingereza tena kwa jina la kufikiri.

Mwaka 1979 mambo mawili yalitokea. Tume ya shirikisho ya biashara ilitoa ripoti iliyoonesha kwamba tuisheni iliweza kuwaongezea baadhi ya watahiniwa wa SAT takriban alama 25 katika kila sehemu. Aidha, jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwataka watungaji wa mitihani ya udahili watoe hadharani maswali na majibu yake baada ya mtihani kufanywa. Tangu hapo, sehemu ya kile ambacho Kaplan alikikusanya kwa kumbukumbu za wanafunzi ikaweza kusomwa hata na asiyelipa ada. Chama cha vyuo vya udaktari kilikwenda mahakamani kwa hoja ya hakimiliki, na mwaka 1980 kikapata zuio dhidi ya utekelezaji wa sheria hiyo kwa mtihani wake.

Siri haikuwa rahisi kulindwa hata kwa kompyuta. Mwaka 1994 kampuni ya Kaplan iliwatuma wafanyakazi wake wakafanye GRE ya kompyuta, wakarudi na maswali mengi waliyoyakumbuka, kwa sababu hazina ya maswali ilikuwa ndogo na yalirudiwarudiwa. ETS, shirika linaloendesha mtihani huo, lilisimamisha kwa muda utoaji wake kwa kompyuta na kuishtaki kampuni hiyo. Vinyume na ulinganishi viliondolewa katika GRE mwaka 2011.

Mjadala huu una uzito wa pekee kwa kanda ambayo Kiswahili kinaongezewa majukumu rasmi, ikiwamo Rwanda tangu 2017 na Uganda tangu 2022. Taasisi itakayotunga mtihani wa udahili kwa Kiswahili italazimika kuamua ni Kiswahili cha nani. Swali linalotegemea tofauti ya kusi na demani humkuta mtoto wa Unguja nyumbani kwao. Kwa mwombaji wa Bukavu au Mbarara, hayo ni maneno ya kukariri, na mahali penye maneno ya kukariri tuisheni haichelewi kufika. Kuzifungia karatasi za zamani hakutaizuia. Kutaongeza tu bei yake.

Nchini Marekani, njia zimeendelea kuachana. Baraza linaloendesha LSAT lilishirikiana na Khan Academy kutoa maandalizi ya bure kuanzia 2018. Mtihani wa udaktari umebaki chini ya ulinzi mkali, na mengi ya mazoezi yake rasmi huuzwa na chama kilekile kinachoutunga.