Saa za Hotelini Zilizoachwa Nje ya Sheria

Huambiwa kuwa uchovu wa mhudumu wa hoteli umo ndani ya kazi yenyewe: mgeni huamka alfajiri, hurudi usiku wa manane, basi anayemhudumia avumilie. Historia inasema vingine. Mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, na reli zilikuwamo, ingawa treni nazo hazilali. Ulipofuata mkataba wa maduka na ofisi mwaka 1930, hoteli na mikahawa ilitajwa waziwazi, ila kwa kuachwa nje. Hadi mwaka 1991 ndipo ulipopitishwa Mkataba Na. 172, unaodai saa za kuridhisha, mapumziko ya kila siku na ya kila wiki, na, inapowezekana, ratiba inayojulikana mapema. Miaka 61 hiyo haikuletwa na mashuka wala masufuria, waliiamua watu.

Wenye hoteli watajibu kuwa biashara yao ni ya misimu, na hapo hawasemi uongo. Pwani ya Kenya, kutoka Malindi hadi Diani, masika hupunguza wageni, na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliwakimbiza watalii na kuwapotezea wengi ajira. Lakini msimu unaeleza idadi ya wafanyakazi wanaohitajika. Hauelezi kwa nini anayebaki akatiwe zamu vipande viwili, asubuhi na jioni, asiwaone wanawe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na haimtengi mpishi wala mtandika vitanda.