Wapagazi, bangi na kichupa cha mafuta

Mvua imekata, njia ya kuelekea msituni imekauka, na watu wameanza tena kuamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia. Ukiona hivyo hapa Moshi ujue watu wanaifikiria Kilimanjaro Marathon. Mbio hizi zipo tangu 2003, na kila zikikaribia hosteli yetu inageuka wodi: huyu anachechemea, yule anashuka ngazi kinyumenyume kama mbuzi aliyegoma.

Sasa kuna mshkaji wetu, mwanariadha kweli si wa kupiga picha, ambaye likizo anapanda mlima kubeba mizigo ya watalii. Mgeni mmoja alimwachia kichupa cha mafuta kimeandikwa CBD. Maelekezo: matone kadhaa chini ya ulimi kabla ya mazoezi, mengine baada ya mazoezi, misuli itapona haraka. Basi bwana, chumba kizima kikawaka. Mmoja akasema hiyo ni bangi, kakitupe chooni. Mwingine akasema si bangi, ni dawa, hata Marekani wanauza dukani. Wa tatu akaja na hoja nzito: "Wazee wetu walikuwa wanatumia toka enzi, mzungu ametuletea chetu kwenye chupa."

Mimi somo langu la kufundishia ni historia. Hoja ya tatu ndiyo iliyonitoa kitandani.

Tuanze na neno lenyewe. Bangi si neno la Kibantu, limekuja na Bahari ya Hindi kutoka kwa watu wa India waliouita mmea huo bhang. Umefika Afrika lini? Ni zamani sana. Huko Ethiopia, kwenye pango la Lalibela, walichimbua vichwa vya kiko vyenye mabaki ya bangi, vya karne ya 14 hivi. Kwa hiyo anayekwambia bangi imeletwa na wakoloni mwambie arudi darasani. Na anayekwambia ni mmea wa asili wa hapa, naye akae dawati la jirani.

Sasa njoo kwetu. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke waliondoka pwani kuelekea Ziwa Tanganyika. Kitabu cha Burton kilichotoka 1860 kinataja uvutaji wa bangi pwani na bara, na vile vikohozi vyake virefu. Burton alikuwa na mdomo mchafu kuhusu Waafrika, lazima umsome ukiwa umekaza meno, lakini alikuwa na macho. Na barabara aliyopita ilikuwa barabara ya wapagazi. Mtu anabeba frasila mbili, yaani kama kilo 32, kutoka pwani mpaka Tabora na Ujiji, miezi kwa miezi, kwa miguu. Jamani, kilo 32! Leo mgumu wa Kilimanjaro (wapagazi wa mlimani tunawaita wagumu, na wanastahili jina) kanuni zinamwekea kilo 20 za mzigo wa mgeni, na bado watu wanalia, tena kwa haki.

Mwanajiografia Chris Duvall ameandika kitabu kizima mwaka 2019 kuhusu mizizi ya bangi Afrika, na hoja yake kubwa ni hii: bangi ilisambaa barani pamoja na watu waliofanyishwa kazi ngumu. Wapagazi, mabaharia, vibarua, watumwa. Mpaka Brazil, ambako neno lao la bangi, maconha, lina asili ya Kimbundu cha Angola. Walioibeba mbegu ile hawakuwa wanatafuta starehe ya Jumamosi. Walikuwa wanatafuta namna ya kulala na kesho yake kuamka tena kubeba.

Hapo ndipo rafiki yangu wa hoja ya tatu alipoanza kutabasamu. Nikamwambia subiri kwanza.

Moja, kile walichovuta si kile kilichomo kwenye kichupa. Bangi ina kemikali nyingi, na mbili ndizo maarufu: THC, ile inayolewesha, na CBD, ambayo hailewi. Bangi yetu ya ukanda wa tropiki kwa kawaida ina THC nyingi na CBD kidogo. Mpagazi wa Tabora alikuwa analewa, period. CBD yenyewe ilitengwa maabara 1940 na Roger Adams huko Illinois, na umbo lake la kikemia likajulikana 1963 kupitia Raphael Mechoulam na wenzake Israel. Mwaka uliofuata wakaitenga THC. Kwa hiyo kichupa kile ni mtoto wa maabara. Kumwita babu wa mtu ni kumsingizia babu.

Mbili, na hili ndilo linaloniuma. Kutosikia maumivu na kupona ni vitu viwili tofauti kabisa. Mpagazi aliyevuta akasahau mgongo, mgongo haukupona, ulisahauliwa tu. Aliyefaidika zaidi ni mwenye msafara, mzigo ulifika. Ukisoma historia ya kazi Afrika Mashariki utaona mara nyingi mwenye kazi hakujali kibarua anatuliza mwili kwa kitu gani, ilimradi asubuhi amesimama kwenye mstari.

Halafu sheria ikaingia. Mwaka 1925 mkataba wa Geneva wa kudhibiti afyuni uliingiza na bangi, na aliyeisukuma zaidi alikuwa mjumbe wa Misri, El Guindy, si Mwingereza kama wengi tunavyodhani. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini, Waingereza wanatawala kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Ukaja mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, ukaiweka bangi pamoja na heroini kwenye orodha kali kuliko zote. Desemba 2020 wajumbe walipiga kura kuitoa kwenye orodha hiyo, 27 wakakubali, 25 wakakataa. Watu wengi mitandaoni walishangilia kama bangi imeruhusiwa duniani. Hapana. Imebaki chini ya udhibiti, na pendekezo la kuyaachia huru maandalizi ya CBD yenye THC kidogo sana lilikataliwa siku hiyohiyo.

Hapa nyumbani tuna sheria ya dawa za kulevya ya 2015. Msikilize vizuri mshkaji: habari za watu kufungwa miaka 30 kwa kesi za bangi tunazisoma magazetini, na jirani zetu wa Kisimiri Juu kule Arumeru wanajua mashamba yakifyekwa inakuwaje. Mgeni alipanda ndege akaenda zake. Kichupa kimebaki chini ya godoro la mtoto wa mkulima. Akikamatwa nacho, atamweleza askari habari za Mechoulam?

Kwenye michezo nako kuna hadithi yake. Nagano 1998, Ross Rebagliati wa Kanada alishinda dhahabu ya kuteleza kwenye theluji kwa ubao, akakutwa na bangi mwilini, akanyang'anywa, kisha akarudishiwa kwa sababu kanuni za wakati ule hazikuwa zimeikataza sawasawa. Mwaka uliofuata likaundwa shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, WADA. Bangi ikapigwa marufuku siku za mashindano. Kisha 2018 WADA wakaitoa CBD peke yake kwenye orodha, na hapo ndipo biashara ya vichupa vya wanariadha ilipopata uhalali wa kujitangaza.

Neno la kushika ni PEKE YAKE. THC bado imekatazwa mashindanoni, pamoja na ndugu zake wengine wa mmea uleule. Sha'Carri Richardson alishinda mita 100 kwenye mchujo wa Marekani 2021, akapimwa, THC ikaonekana, akaikosa Olimpiki ya Tokyo. Na je, kichupa kina CBD tupu kama kilivyoandikwa? Watafiti Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni, matokeo yakatoka 2017: karibu theluthi moja tu ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa, na bidhaa 18 zilikuwa na THC. Sasa mwanariadha wa Rau anayetaka siku moja kuitwa timu ya taifa, atapima wapi kichupa chake? Kanuni ya WADA haiulizi ulijua au hukujua, kilichokutwa mwilini mwako ni chako.

Na faida yenyewe? Tafiti zipo, nyingi ni ndogo, za watu wachache, na majibu yanapishana. Wengine wanaona maumivu yanapungua kidogo, wengine hawaoni tofauti. Kuna dawa halali ya CBD iliyoidhinishwa Marekani 2018, lakini ni ya aina fulani za kifafa kikali, siyo ya mapaja ya mtu aliyekimbia kilomita 21. Tena CBD inaingiliana na jinsi ini linavyosaga dawa nyingine, hili wauzaji hawaliandiki kwa herufi kubwa.

Misuli inauma zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya mazoezi mazito, halafu inapungua yenyewe hata usipoipa kitu. Nadhani hapo ndipo kila tiba inapopatia sifa. Mzee mmoja wa hapa jirani, mgumu wa miaka ya nyuma, nilimwamkia shikamoo nikamuuliza wao walikuwa wanafanyaje wakishuka mlimani. Akasema wanatumbukiza miguu mtoni, maji ya baridi mpaka ganzi, wanakula mtori, wanalala mpaka jua likuchome usoni. Kesho yake hubebi. "Tatizo," akasema, "ile kesho yake hukulipwi."

Mshkaji bado hajaamua. Jana alihesabu: akilala masaa manane itabidi aache kazi ya usiku anayofanya mjini kulipia ada. Matone ni rahisi kuliko usingizi, alisema, na mpaka sasa hivi hakuna aliyemjibu.

Naishia hapa, kesho nina mazoezi ya kufundisha Kidato cha Pili, mada: biashara ya misafara.