Santuri Tano za Watu Walioondoka Kwao

Ukitaja jazz hapa kambini, wazee wetu wa Kongo wanakumbuka OK Jazz ya Franco, iliyoanza Léopoldville mwaka 1956, au African Jazz ya Kabasele. Majirani zetu Watanzania watakutajia Morogoro Jazz na Western Jazz. Wote wana haki, lakini ile ilikuwa rumba na dansi. Jina tu ndilo lilisafiri kutoka Marekani. Mimi leo nataka ile jazz yenyewe, na nitaanzia Afrika Kusini. Kwa nini huko? Kwa sababu waliyoipiga wengi wao walikuwa kama sisi: waliondoka kwao wakiwa vijana, wakazeekea nchi za watu.

Vijana huniuliza, mtu anayetaka kusikiliza kwa makini aweke nini kwanza kwenye memori kadi yake? Haya, hizi hapa tano. Zisikilize kwa mpangilio huu, maana ni hadithi moja.

Ya kwanza ni Jazz Epistle Verse 1, ya mwaka 1960. Ni vijana sita waliokutana Johannesburg: Dollar Brand kwenye kinanda, Kippie Moeketsi saksafoni, Hugh Masekela tarumbeta, Jonas Gwangwa tromboni, Johnny Gertze besi na Makaya Ntshoko ngoma. Ilikuwa santuri ndefu ya kwanza ya jazz ya bendi ya Waafrika nchini humo, na zilitolewa nakala 500 tu. Tarehe 21 Machi mwaka huohuo polisi waliwaua watu 69 pale Sharpeville, waliokuwa wakipinga sheria za vitambulisho vya kutembelea. Hali ya hatari ikatangazwa, na bendi ikasambaratika. Masekela aliondoka mwaka huo. Ukiisikiliza leo, unasikia watu wanaopiga kwa furaha bila kujua kwamba wanaagana.

Ya pili ni A Morning in Paris ya Sathima Bea Benjamin. Mwaka 1962 yeye na Dollar Brand walihamia Ulaya, wakawa wanapiga kwenye klabu moja Zurich. Siku Duke Ellington alipopita mjini, Sathima ndiye aliyekwenda kumwomba aje awasikilize. Akaja. Akawapeleka Paris kurekodi, Februari 1963. Santuri ya mwanaume ilitoka mwaka uliofuata na ikamfungulia njia. Ya mwanamke, ambayo Ellington mwenyewe alipiga kinanda kwenye baadhi ya nyimbo, ilikaa gizani hadi 1997. Miaka 34! Akina mama wanaosoma hapa wanaelewa bila mimi kueleza. Sauti yake haina haraka. Anaimba kama mtu anayeongea na wewe peke yako jioni.

Ya tatu, Home Is Where the Music Is ya Masekela, ilirekodiwa London mwaka 1972. Jina lake ni kama kusema nyumbani ni pale muziki ulipo. Humo yumo Dudu Pukwana, mkimbizi mwingine, na saksafoni inayolia kama mtu. Makaya Ntshoko, yule wa ngoma wa 1960, naye yumo. Miaka 12 imepita, nchi nyingine, na bado wanasikilizana.

Ya nne ni Mannenberg. Dollar Brand, ambaye sasa ni Abdullah Ibrahim, alirudi kwao kwa muda na kuirekodi Cape Town mwaka 1974. Mtaa wa District Six ulikuwa umetangazwa kuwa wa Wazungu tangu 1966, na watu zaidi ya 60,000 walihamishwa kwa nguvu. Wengine walitupwa Manenberg, na hapo ndipo jina lilipotoka. Basil Coetzee anapiga saksafoni taratibu, dakika zaidi ya kumi. Watu waliifanya kuwa wimbo wao wa mapambano. Kama hujawahi kusikia jazz, anza hapa, utacheza kabla hujaelewa.

Ya tano ni nzito, isubirie usiku. Blue Notes walitoka Afrika Kusini mwaka 1964 kwenda tamasha Ufaransa, na wengi wao hawakurudi. Mongezi Feza, mpiga tarumbeta wao, alifariki London Desemba 1975, na umri wake ulikuwa miaka 30 tu. Wenzake wanne wakatoka kwenye ibada ya kumuaga, wakaingia chumba cha mazoezi, wakapiga. Hiyo ndiyo Blue Notes for Mongezi. Ni matanga. Wanaita, wananyamaza, wanaita tena. Sisi tuliozika watu mbali na makaburi ya babu zetu, hatuhitaji mtu wa kututafsiria.

Mandela alitoka gerezani Februari 1990, na Masekela akarudi mwaka huo. Lakini Chris McGregor, mpiga kinanda wa Blue Notes, alifariki Mei, na Pukwana akafuata Juni. Mlango ulifunguliwa, wao wakafia nje. Louis Moholo, mpiga ngoma wao, alirudi kuishi kwao 2005.

Huku kambini kila siku tunaambiwa, na sisi wenyewe tunaambiana: vumilia, ukirudi utaandika, utaimba, utasoma. Haya, na usiporudi je? Pukwana angesubiri kurudi ndipo apige, leo tusingekuwa na kitu cha kusikiliza. Kwa hiyo ukichaji simu yako kesho, tafuta hata moja kati ya hizi tano. Isikilize mpaka mwisho. Halafu lile daftari uliloweka chini ya godoro, lichukue uendelee.